Mwongozo wa Kuunda Pikipiki Uani, kwa Asiyejua Kinachomsubiri

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye pikipiki isiyo na ubaya wowote na Jumamosi isiyo na kazi. Kama pikipiki yako ni mbovu, usiendelee kusoma. Mpelekee fundi, ataitengeneza, na jioni utakuwa barabarani. Tunayezungumza naye hapa ni yule ambaye yake inawaka kwa kiki ya kwanza, haili oili, haitoi moshi, na ndiyo maana inamkera. Ameiona ya mwenzake kijiweni: injini ya hii, shokapu za ile, taa za gari, ekzosi iliyokatwa nusu. Kauliza kanunua wapi, akajibiwa, "Hii nimeiunda mwenyewe, uani kwangu." Basi na yeye uani anao, hata kama ni wa mama mwenye nyumba na kamba za nguo zinapita katikati.

Kwanza, jipe moyo

Usije ukadhani unachotaka kufanya ni wazimu mtupu. Kina historia ya heshima. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki ya silinda moja iliyoundwa kwa ajili ya nchi ambazo watu hubeba mizigo mizito na kusahau kumwaga oili. Valvu zake husukumwa na fimbo, haina taimingi cheni ya kulegea, na mwenye spana chache anaweza kuifungua na kuifunga tena. Viwanda vya China vikaiiga, kisha vikaigana vyenyewe kwa vyenyewe. Leo pikipiki nyingi za Kichina zinazopita Mbagala, Katoro au Tunduma, haidhuru tangi limeandikwa jina gani, zina injini ya ukoo huo.

Ndiyo sababu kabureta ya hii huingia kwenye ile, na kifuniko cha klachi cha jirani kinakaa kwako bila ubishi. Fundi akishafanikiwa hivyo mara mbili, huanza kuamini kwamba vyuma vyote duniani ni ndugu. Akifika hapo, amekuwa tayari kwa mwongozo huu.

Vifaa

Andaa spana namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi ya nyota iliyolika ncha, plaizi, nyundo, tepu nyeusi na kopo tupu la rangi. Kopo ni la kutupia bolti zote pamoja. Kifuniko cha klachi hufungwa kwa bolti nyembamba zenye urefu tofauti. Fundi mwoga huchora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, akachomeka kila bolti pale ilipotoka. Wewe changanya. Siku ya kufunga, bolti ndefu itaangukia tundu fupi, itagota mwisho kabla ya kubana, nawe utaiongezea nguvu. Utasikia "ka!" ndogo tu. Ni aluminiamu inapasuka.

Venia, ile rula ya chuma yenye taya inayosoma hadi sehemu ndogo za milimita, usinunue kabisa. Ukiwa nayo utashawishika kupima, na ukipima mradi wako utaishia siku hiyo hiyo.

Sokoni

Nenda Kariakoo mikono mitupu. Wanaobeba kile kifaa cha zamani kwenye mfuko wa plastiki ili kukilinganisha na kipya ni watu wasio na imani. Wewe eleza kwa vidole. Muuzaji akikuuliza ni ya pikipiki gani, mjibu, "Hizi hizi za kawaida." Atatoa boksi juu ya rafu, alipulize vumbi, akuambie, "Tajiri, hii inaingia." Usimuulize inaingia kwenye nini. Ukiuliza bei utaambiwa ipo orijino, ipo ya Mchina, na ipo orijino ya Mchina. Chukua hiyo ya tatu.

Ukiona fedha inapungua, nenda wanakochinja pikipiki kuukuu. Huko utapata shokapu, gurudumu na usukani kwa bei ya chakula cha mchana, na hakuna atakayekuchosha na maelezo ya vilikotoka. Cha mlevi huliwa na mgema, na siku hiyo wewe ndiye mlevi.

Ukirudi, pitia duka la vifaa vya ujenzi ununue bolti za milimita 10. Za dukani kwa kawaida zina nafasi ya milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Pikipiki za Kijapani na jamaa zake wa Kichina mara nyingi hutumia 1.25. Bolti itaingia mizunguko miwili kwa mkono, kisha itagoma. Tafuta bomba, lichomeke kwenye mpini wa spana, uendelee. Kufikia mzunguko wa tano tundu litakuwa limepata meno mapya, na bolti halali ya pikipiki haitakaa humo tena.

Injini

Hapa ndipo hesabu inapolewesha. Boxer ya Bajaj iliyoandikwa 150 ubavuni ina pistoni ya kipenyo cha milimita 56 inayosafiri milimita 58.8, jumla sentimita za ujazo 144.8. CG125 ina pistoni ya milimita 56.5. Tofauti ya Mhindi na Mchina, basi, ni nusu milimita. Na pistoni za kuzidisha huuzwa kwa ngazi za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ukimpa mchongaji bloku la Boxer alitanue kwa 0.50, unapata 56.5 kamili, yaani pistoni ya CG125 mpya kutoka kwenye boksi. Hesabu haina kosa. Mahari imelipwa, ukumbi umekodiwa, kilichobaki ni maharusi kuonana.

Wakionana, itagundulika kwamba kipenyo kilikuwa swali moja tu kati ya mengi. Je, tundu la pini linalingana na konrodi? Je, kutoka kwenye pini hadi utosini pistoni ina kimo kile kile? Yale mabonde mawili yaliyochongwa juu yake, je, yako chini ya valvu au yako upande ambao valvu haziji? Boxer inazungusha valvu zake kwa taimingi cheni na hedi yake si ya CG. Utosi ukizidi milimita moja au mbili, valvu itaugonga. Ukipungua, mgandamizo unapotea na pikipiki inashindwa hata kupanda tuta la barabarani. Dawa ya uani kwa utosi uliozidi ni gasketi mbili. Ya tatu ikihitajika, anza kuaga.

Watakuambia pia kwamba CG125 hugeuzwa 150 kwa kubadilisha bloku na pistoni tu. Hilo lina ukweli ndani yake, na ndilo linalowaponza wengi. Injini zote mbili pistoni zinasafiri milimita 49.5, ya 150 imenenepa tu, kutoka 56.5 hadi 62. Kama mdomo wa injini yako unapokea shingo ya bloku nene, na kama utarekebisha kabureta ili mafuta yalingane na hewa, kazi inawezekana. Basi mtu akishaona hilo, husonga mbele hadi bloku la 200. Huko pistoni ni 63.5, lakini inasafiri milimita 62.2, na safari hiyo huamuliwa na krenki. Aliyenunua bloku la 200 bila krenki yake amenunua pambo zuri la sebuleni.

Plagi

Jambo dogo, tulipite haraka. Plagi ya NGK ya D8EA na ile ya D8HA zina unene mmoja wa milimita 12 na zinafunguliwa kwa spana moja. Herufi moja ndiyo inayozitofautisha. E maana yake shina lina urefu wa milimita 19, H ni 12.7. Ukiweka fupi kwenye hedi ya ndefu, masizi yatajaza meno yaliyobaki wazi, na siku ukipata ndefu haitaingia. Ukiweka ndefu kwenye hedi ya fupi, milimita sita na ushee za chuma zitaning'inia ndani, pistoni ipande izisalimie.

Cheni na magurudumu

Sehemu hii isome polepole. Cheni ya 420 na ya 428 zote zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo meno ya moja yanaangukia kwenye nafasi za nyingine. Zinaachana kwenye upana wa ndani: 420 ina milimita 6.35, 428 ina 7.94. Cheni ya 420 haikai juu ya sproketi ya 428. Hiyo imekutendea haki. Imekukatalia mchana kweupe, risiti ikiwa bado mfukoni. Ya 428 juu ya sproketi ya 420 inakaa vizuri kabisa. Inazunguka, haipigi kelele siku ya kwanza, na inacheza kushoto na kulia kwa milimita moja na nusu zaidi ya inavyostahili. Inatafuna meno taratibu wakati wewe unajipongeza.

Sasa ongeza gurudumu la nyuma la pikipiki nyingine, maana lako lina spoki na uliloliona lina rimu za aloi. Kitovu chake ni chembamba, kwa hiyo sproketi imeingia ndani kidogo. Jaza nafasi kwa washa, zikiisha kata kipande cha bomba la maji. Ukisimama nyuma ya pikipiki utaona cheni inakwenda mbele kwa upande, ikiinama kila inapofika kwenye sproketi ya mbele. Usisimame nyuma, simama ubavuni, huko ni nzuri. Cheni ya namna hiyo huruka siku ya mwendo mkali, hujikunja karibu na sproketi ya mbele, na ama hupasua nyumba ya injini ama hufunga gurudumu la nyuma. Huwezi kuchagua ipi kati ya hizo.

Kuhusu mwendo: kama nyuma una meno 45 na mbele 15, injini inazungusha sproketi ya mbele mara tatu kamili kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Weka 14 mbele, inakuwa mara 3.21, nguvu ya kupanda inaongezeka na kasi inapungua. Wapanda milima ya Lushoto wanalijua hilo. Kijana wa mjini hutaka 16, apate 2.81 na kasi ya kuwaacha wenzake. Ataipata kwenye tambarare, upepo ukimsukuma. Kwenye mwinuko atarudi gia ya tatu huku bajaji ikimpita.

Nyaya

Fundi wa uani husoma nyaya kwa rangi, na hapa rangi zimewekwa makusudi kumpima. Kwenye Honda na ukoo wake wote, waya wa kijani ni ethi, na mweusi ndio unaoleta umeme ukiwasha swichi. Kwenye Yamaha, mweusi ndio ethi. Wewe umechukua taa na dashibodi za Yamaha, na fremu yako ni ya Mchina aliyemfuata Honda. Unganisha mweusi kwa mweusi, zungushia tepu, washa swichi. Ni shoti, na fyuzi itakatika, kazi yake ndiyo hiyo. Rudishia nyingine, nayo itakatika. Sasa chukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, uiviringishe, uiweke mahali pa fyuzi. Haitakatika. Kitakachoungua ni waya wenyewe, na nyaya hizo zinapita chini ya tangi la petroli.

CDI, zinazoamuru cheche ya plagi, nazo ni viboksi vyeusi vinavyofanana. Kimoja kinakula umeme wa volti nyingi unaotoka moja kwa moja kwenye koili ya ndani ya injini, kingine kinakula volti 12 za betri. Kikipewa chakula cha mwenzake, ama kinanyamaza ama kinakufa. Kwa kuwa muuzaji alisema kinaingia, na kweli kimeingia, utamlaumu mwenye kabureta na kushinda siku mbili ukisafisha jeti.

Mbele na breki

Breki ya diski ni heshima, kwa hiyo toa mbele yote, funga ya pikipiki nyingine. Pampu ya mkononi tafuta popote. Pampu yenye pistoni ya milimita 14 ikifungwa mahali pa ile ya milimita 11, mkono utakuwa mgumu na utaonekana wa kiume, huku ukidai nguvu ya vidole zaidi ya mara moja na nusu kupata breki ile ile. Utalitambua hilo daladala itakaposimama ghafla mbele yako.

Kama gurudumu la mbele ulilolipata ni la inchi 17 na la zamani lilikuwa 18, kwa tairi za unene mmoja, basi kipima mwendo kinachovutwa na waya kutoka kwenye gurudumu hilo kitakusifia kwa takriban asilimia 4 kuliko unavyostahili. Hiyo ndiyo faida pekee ya mradi huu tuliyoweza kuithibitisha.

Majaribio

Jaribu jioni, barabara kuu, na abiria. Wawili ni bora, mshikaki huonyesha imani. Ukisikia injini inanguruma lakini pikipiki haiongezi mwendo, ujue uliweka oili ya gari iliyobaki kwenye dumu la shemeji. Klachi ya pikipiki hizi huogelea kwenye oili ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kulainisha vinavyofanya pleti ziteleze. Tangu 1998 Wajapani wameweka alama ya JASO MA kwenye oili zinazofaa klachi ya namna hii. Herufi hizo zipo nyuma ya kopo, ambako hukuangalia.

Kama ulichonga bloku, usiipashe injini moto taratibu, fungua yote. Pistoni ya aluminiamu hutanuka kuliko bloku la chuma. Mchongaji akiacha nafasi finyu kuliko inavyotakiwa, pistoni itang'ang'ania ukutani na injini itasimama ghafla, gurudumu la nyuma nalo litasimama. Abiria wako ndiye atakayeeleza kilichotokea, akiwa kitandani.

Kadi

Injini uliyofunga ina namba yake, na kadi ya pikipiki ina namba ya ile uliyoiuza kwa kilo. Trafiki akikusimamisha, mweleze habari za ubunifu. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itasoma namba hizo kwa makini zaidi kuliko ulivyosoma boksi la pistoni. Na kama injini ya mtumba ilitoka kwenye pikipiki ya wizi, utakuwa umeiba bila kuonja raha ya kuiba.

Hukumu

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Kuchanganya spea si kosa. Mafundi wa Gerezani, wa Kariobangi kule Nairobi na wa kila kijiwe chenye mti na kopo la grisi wanafanya pikipiki ziendelee kutembea miaka mingi baada ya kiwanda kuzisahau, na wanafanya hivyo kwa spea za koo mbalimbali. Fundi wa kweli ana jambo moja ambalo mwanafunzi wa mwongozo huu hana: anajua kukataa. Atashika pistoni mbili mkononi, atazipima, atatikisa kichwa na kurudisha moja. Hakuna anayempiga picha akitikisa kichwa, kwa hiyo watu wanaiga kufunga kwake tu.

Spea isiyoingia haijawahi kumuumiza mtu. Imempotezea nauli ya kwenda Kariakoo. Inayoumiza ni ile iliyokaribia: tofauti ya herufi moja kwenye plagi, ya milimita moja na nusu kwenye cheni, ya robo milimita kwenye bolti, ya rangi iliyofanana kwenye waya. Zinaingia zote, na kila moja hungoja mwendo, joto na mzigo ndipo idai chake.

Kwa hiyo nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi. Nunua venia, bei yake haifiki ya bloku moja. Soma namba ya cheni na namba ya sproketi, zote mbili. Pima waya kwa taa, usiamini rangi. Bolti isipokwenda kwa vidole, irudishe kabla risiti haijapotea. Ukibadilisha injini, peleka kadi TRA, mamlaka ya mapato. Taa, kiti, madigadi na rangi ya tangi chezea unavyotaka, hakuna atakayekufa kwa ubaya wa rangi. Lakini breki, usukani, magurudumu na cheni nunua vya pikipiki yako yenyewe, vipya, hata kama mwezi huo itabidi nyumba nzima ile dagaa.